Maswali ya Wasomaji: Noah Moja, Marafiki Wanne, Njia ya Pangani

SWALI: Ndugu wahariri, tunatengeneza filamu ya vichekesho kwa fedha zetu wenyewe: marafiki wanne wa umri wa makamo wanasafiri kwa Noah kutoka Tanga mjini. Tumerekodi majaribio njia ya Segera. Nyuso ni nyeusi, sauti haisikiki, na mazungumzo yaliyotuvunja mbavu kwenye mazoezi yamepooza. Tumekosea wapi? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Mkielekea Segera mnakwenda magharibi. Asubuhi jua linaingia kwa kioo cha nyuma na kuipofusha kamera iliyo kwenye dashibodi. Jioni linawapiga waigizaji usoni, wanakunja macho. Hamieni njia ya Pangani. Inakwenda kusini, hivyo jua huingia ubavuni: asubuhi upande wa abiria wa kushoto, alasiri upande wa dereva. Rekodini kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, kwa sababu jua likiwa utosini paa linaweka kivuli kwenye nyuso zote. Kamera ikiwa nje ya kioo cha mbele, fungeni polaraiza (kichujio kinachopunguza mng'ao wa kioo) kwenye lenzi na kuizungusha taratibu mpaka minazi na mawingu vififie kiooni.

Mazungumzo marefu yarekodini gari limeegeshwa, injini na kiyoyozi vimezimwa. Ili lionekane linakwenda, mtu mmoja atikise bampa ya nyuma, mwingine apitishe kuti kati ya jua na kioo. Wengi hutikisa mno. Lami haitikisi gari hivyo. Madirishani paonekane anga tu, la sivyo mnazi uliosimama utawaumbua. Kila mwigizaji awe na maikrofoni yake chini ya kola, waya umebandikwa kwa plasta nguo isikwaruze. Kisha endesheni gari, waliomo wote kimya, mrekodi dakika moja kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa na nyingine kwa 60. Ngurumo hiyo ndiyo mtakayoilaza chini ya mazungumzo wakati wa kuhariri. Bila kiyoyozi jasho litawatoka, basi fungueni milango kila mnapomaliza kurudia tukio, na anayeshika mwendelezo, yaani anayehakikisha mwonekano haubadiliki kati ya picha na picha, akague kola zilizolowa.

Lililobaki ndilo kubwa. Mkimrukia kwa kamera kila anayesema, kichekesho mnakitupa wenyewe. Kwa watu waliojuana miaka 30, cheko liko kwa anayesikiliza. Wa kiti cha nyuma akitaja deni la harusi, mtazamaji anataka kumwona dereva akiukaza mkono kwenye usukani. Kwa hiyo anzeni na kamera inayowaona wote wanne, tukio zima bila kukata, waruhusiwe kudakana maneno. Ndipo mrekodi uso mmoja mmoja, wasikilizaji kwanza wakiwa bado hawajachoka. Hapo asidakie mtu: maneno mawili yakipandana, mhariri hana pa kukata.

Kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania kitangulie hayo yote. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inakidai, na huombwa pamoja na mswada wa filamu.

SWALI: Wahusika wetu wanaimba pamoja na redio ya gari wimbo wa zamani wa Jamhuri Jazz. Wimbo umetuzidi umri. Ruhusa ya nini? (Msomaji, Makorora)

JIBU: Ruhusa ni lazima. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi nayo ina haki yake pembeni. Waigizaji wakiimba wenyewe bila rekodi, mnabaki na haki ya utunzi tu ya kuombea ruhusa, na tukio linanoga zaidi, hasa mmoja akipotea katikati ya ubeti. Anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, na makubaliano yawe ya maandishi kabla ya kurekodi.

Redio isilie wakati wa mazungumzo: mkiondoa sentensi moja, wimbo unaruka. Waigizaji wausikilize mdundo kwanza, uzimwe, wacheze tukio. Muziki utawekwa kwenye uhariri.