10101 haiwi namba tasa katika kizio chochote

Umeuliza kama kuna kizio (idadi ya tarakimu tunazohesabia, kama 10 katika hesabu za kawaida) ambacho 10101 inakuwa namba tasa. Hakipo ndugu yangu, usiendelee kujaribu kimoja kimoja.

Kiite kizio b. Hapo 10101 maana yake ni b⁴ + b² + 1. Ongeza b² halafu itoe papo hapo: unapata (b² + 1)² − b². Hiyo ni tofauti ya miraba miwili, kwa hiyo inavunjika kuwa (b² + b + 1) × (b² − b + 1). Kizio kidogo kabisa ni 2, na hata hapo kipande kidogo ni 3, hakishuki kuwa 1. Napenda sana hesabu hii, maana mstari mmoja unamaliza vizio vyote!

Hakikisha mwenyewe: katika kizio cha 2, 10101 ni 21, yaani 7 × 3. Cha 3 ni 91, yaani 13 × 7. Cha 10 ni 111 × 91.

Ila 111, nayo ikisomwa katika vizio mbalimbali, ina tabia tofauti kabisa. Katika kizio cha 2 ni 7, cha 3 ni 13, cha 5 ni 31, zote tasa. Katika kizio cha 10 ni 3 × 37.