Unalipia kila mwezi na bado unaambiwa "Jiunge na Premium"? Usibonyeze kwanza

Mkuu, umesema hela inakatwa kila mwezi lakini ukifungua aplikesheni ya muziki unakuta tangazo la kukutaka ujiunge na Premium, yaani kifurushi cha kulipia, kana kwamba hujawahi kulipa. Kwetu mimi ndiye fundi wa akaunti za ukoo mzima, na hili nimelishughulikia sana. Mara nyingi tangazo halidanganyi: akaunti uliyoifungua ni ya bure kweli. Unayoilipia ni nyingine.

Mdogo wangu alikuwa analipia kwa akaunti ya barua pepe. Aliponunua simu mpya, nywila haikumbuki, akaingia kwa kitufe cha Facebook. Mfumo ukamfungulia akaunti mpya, jina lile lile, picha ile ile. Hela inakatwa kule, matangazo yanamjia huku. Nilichomuuliza ni kimoja tu: nyimbo ulizohifadhi ziko wapi? Hazikuwepo. Nawe anzia hapo. Kama hazipo, toka, tafuta risiti ya malipo kwenye barua pepe zako zote, kisha ingia kwa anwani iliyoipokea. Ila kama unalipia kupitia Google Play, risiti huenda kwenye Gmail unayotumia kwenye duka hilo, ambayo huenda siyo anwani ya akaunti yenyewe.

Nyimbo zipo? Basi tazama malipo. Sisi tunaolipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, siku ya makato ikikuta salio halitoshi unarudishwa kwenye bure, na barua pepe ya kukuarifu inaweza kuzama kwenye promosheni usiione. Kama uko kwenye kifurushi cha familia, muulize anayekisimamia. Huenda kadi yake imegoma, au amekuondoa.

Sababu nyingine hutoka kwa kampuni zenyewe. Mwaka 2023 Spotify, ile huduma ya muziki, iliacha kupokea malipo ya wateja wa zamani waliokuwa wanalipa kupitia Apple, na akaunti zao zikawa zinashuka kuwa za bure muda uliolipiwa ukiisha. Prime Video nayo, huduma ya filamu ya Amazon, Januari 2024 ilianza kuwawekea matangazo wateja wa Marekani ambao tayari walikuwa wanalipa; wakati huo asiyeyataka alitakiwa kuongeza dola 2.99 kwa mwezi. Hapo akaunti yako ni sahihi kabisa, wameamua tu kukuuzia tena. Mimi hilo naliona ni uhuni, hata kama masharti yanaruhusu.

Yote haya yahakiki kwenye kivinjari, siyo kwenye aplikesheni. Ingia tovuti yao, fungua ukurasa wa akaunti, soma jina la kifurushi na tarehe ya makato yajayo.

Kama ulishabonyeza lile tangazo na sasa unakatwa mara mbili, sitisha ile mpya leo leo, halafu waandikie huduma kwa wateja ukiwapa anwani zote mbili na namba za miamala. Kufuta aplikesheni kwenye simu hakusitishi makato.