Kupanda Camelback mwezi Julai na wageni

Dada yangu, umesema shemeji zako wanakuja Phoenix, Arizona, huko Marekani, mwezi Julai na wanautamani mlima Camelback, ule wa nundu ya ngamia wanaouona kwenye picha. Nakuomba sana, usiwapandishe mchana. Mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi siku 31 mfululizo hapo mjini, na waokoaji hushusha watu Camelback kila kiangazi.

Kilele kina mita 825 hivi, kwa hiyo kinaonekana kama kilima tu ukiwa barabarani. Kumbe njia ya Echo Canyon ni mwamba mtupu. Kuna sehemu unapanda ukishika bomba la chuma kwa mikono miwili, na jua likishapanda bomba lenyewe linachoma. Fikeni jua linapochomoza. Kila mtu abebe maji yake, na yakifika nusu, geukeni hata kama kilele mnakiona. Siku za onyo la joto kali jiji hufunga njia hadi saa kumi na moja jioni, basi angalieni kabla ya kutoka nyumbani. Mbwa hawaruhusiwi.

Bebeni na kitana. Ile mipungate inayoitwa cholla hung'ang'ania nguo na ngozi, na kuivuta kwa vidole ni kuhamishia miiba mkononi. Pitisha kitana chini yake, uirushe mbali.

Mama mkwe mwenye presha abaki chini. Mlima huo utamfurahisha vilevile jioni, unapogeuka mwekundu.