Unapoandika wasifu wa askofu mstaafu wa Kianglikana

Ukipewa kazi hii, acha kwanza habari za kuzaliwa na shule. Mwombe Baba Askofu hati zake tatu za daraja: ushemasi, ukasisi na uaskofu. Hati ya daraja hutaja tarehe, kanisa na askofu aliyeweka mikono, na chini yake kuna muhuri. Mzee anaweza kukumbuka vizuri nani alihubiri siku ile, lakini miaka huipishanisha, hasa ya ushemasi na ukasisi, kwa sababu kwa kawaida hutengana kwa mwaka mmoja hivi.

Penye mitego zaidi ni uaskofu. Kuchaguliwa kuna tarehe yake, kuwekwa wakfu kuna yake, na kusimikwa katika kanisa kuu huenda kukawa siku nyingine kabisa. Kuwekwa wakfu hufanywa na maaskofu wasiopungua watatu, kanuni ya tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325, tena mara moja tu maishani. Akihamia dayosisi nyingine husimikwa upya. Hawekwi wakfu tena.

Mchukue kwa mfano Trevor Huddleston, askofu Mwingereza. Aliwekwa wakfu 1960 awe Askofu wa Masasi. Mwaka 1968 akawa Askofu wa Stepney, 1978 akaenda Mauritius, ambako alikuwa pia Askofu Mkuu wa Jimbo la Bahari ya Hindi, akastaafu 1983. Ukiziweka Masasi na Stepney kwenye mstari mmoja kama dayosisi mbili, umekosea: Stepney iko ndani ya Dayosisi ya London, na askofu wake ni msaidizi wa Askofu wa London. Wala usiandike kwamba "alishushwa". Mamlaka yalipungua, daraja lilibaki lilelile.

Barua za zamani zina kichekesho chake. Katika sahihi yake askofu hutia alama ya msalaba, jina lake la kwanza, kisha jina la dayosisi badala ya la ukoo, na baadhi ya dayosisi kongwe za Uingereza hulikata kutoka Kilatini: Cantuar ni Canterbury, Ebor ni York. Usije ukaingiza "Ebor" kwenye faharasa kama ukoo wa mtu.

Kuhusu kustaafu, ambako katika Kanisa la Uingereza kwa kawaida ni miaka 70, kinachoachwa ni kiti na mamlaka yake. Uaskofu hauvuliwi. Kwa hiyo andika "Askofu Mstaafu", si "askofu wa zamani". Ukikuta picha yake akitoa kipaimara miaka mitano baadaye, uliza ni askofu gani wa mahali pale aliyemruhusu, na umtaje kwenye maelezo ya picha. Bila hivyo msomaji atadhani bado anaongoza dayosisi.

Rasimu ikikamilika, msomee miaka, mahali na vyeo peke yake, bila hadithi. Hadithi zikiwemo atazifuata hizo, na tarehe mbovu itapita.