Maswali ya Wasomaji: Wanga na selulosi ni glukosi tupu, mbona kimoja hatukimeng'enyi?

SWALI: Nimefundishwa darasani kwamba wanga na selulosi vyote vimejengwa kwa glukosi. Iweje basi mwili wangu uumudu wanga lakini ushindwe na selulosi? Na je, nikila protini ya mnyama, huenda moja kwa moja kuwa misuli yangu? (Msomaji mwanafunzi)

JIBU: Maswali yako mawili yana jibu moja, nalo ni kwamba katika molekuli za uhai, namna vipande vinavyoungana ina uzito sawa na vipande vyenyewe, na mara nyingi huuzidi. Kaboni, hidrojeni, oksijeni na nitrojeni hufanya takribani asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu, na atomu hizohizo ndizo zilizomo katika jani, samaki na bakteria.

Itazame glukosi kwa karibu. Ni molekuli ndogo yenye atomu 6 za kaboni, ambazo 5 kati yake hushikana na atomu moja ya oksijeni na kufanya pete. Katika wanga, pete hizo huungana zote zikielekea upande mmoja, na mnyororo wake hujizungusha kama springi. Amilesi, kimeng'enya (yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kilichomo katika mate na katika majimaji ya kongosho, huukata bila taabu. Katika selulosi, kila pete ya pili imepinduliwa, kwa hiyo mnyororo hunyooka, na minyororo mingi hulala sambamba ikishikamana kwa nguvu hadi kuwa uzi mgumu unaoimarisha kuta za seli za mimea. Kimeng'enya hutambua umbo la muunganiko, na amilesi haina pa kuishika selulosi. Hata ng'ombe haimeng'enyi kwa uwezo wake mwenyewe, bali hutegemea vijidudu vinavyoishi tumboni mwake. Usidhani, hata hivyo, kwamba selulosi haina faida kwako, kwani nyuzinyuzi hizo husaidia utumbo kusukuma mabaki ya chakula.

Kuhusu protini, hapana, haiendi moja kwa moja. Tumbo na utumbo mdogo huikatakata mpaka zibaki asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, damu huzisambaza, kisha kila seli huziunga upya kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa katika DNA yako wewe. Asidi amino zinazotumika ni za aina 20 tu, lakini mpangilio wake ndio unaoamua kama protini itakuwa msuli, kimeng'enya au homoni. Mwanabiokemia Frederick Sanger alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa kazi yake juu ya muundo wa protini, hasa insulini, ambayo asidi amino zake 51 alizipanga moja baada ya nyingine.

Uzito wa mpangilio huo unaonekana wazi katika ugonjwa wa selimundu. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, una asidi amino 146. Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa ni moja tu iliyobadilika: katika nafasi ya 6, asidi ya glutamiki imeachia nafasi yake kwa valini. Valini huepuka maji, na ndiyo sababu oksijeni inapopungua molekuli za himoglobini hunatana na kufanya nyuzi ndefu zinazoikunja seli nyekundu iwe na umbo la mundu, seli ambayo hukwama katika mishipa midogo na kumletea mgonjwa maumivu makali.

Kwa hiyo usijisumbue kuuliza kama protini uliyokula ilikuwa msuli wa mnyama au mbegu ya mmea, maana seli haina njia ya kujua asidi amino imetoka wapi. Hakikisha tu kwamba mlo wako una kiasi cha kutosha cha asidi amino zile 9 ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza. Mimea mingi huwa na upungufu wa moja au mbili kati yake, ndiyo maana inafaa kula ya aina mbalimbali.