Vigingi vya udi vinateleza

SWALI: Mimi ni hakimu hapa Mombasa, jioni nikitoka mahakamani hupiga udi, ile ala ya muziki ya nyuzi. Nauweka ofisini penye kiyoyozi. Siku hizi vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, nazo nyuzi zinalegea katikati ya wimbo. Nifanyeje?

JIBU: Mheshimiwa, kiyoyozi hukausha mbao; kigingi husinyaa kikakosa kushika tundu lake. Udi ukae nyumbani, ndani ya sanduku lake, mbali na dirisha. Toa kigingi kimoja kimoja, wala si vyote 11 kwa pamoja, uso wa udi usipoteze mkazo ghafla. Paka chaki kavu pale panapong'aa, ndipo kinaposugua mbao. Kikigoma kuzunguka, ongeza sabuni ya mche kidogo tu. Ukikaza, sukuma ndani huku ukizungusha. Mafuta ya nazi usithubutu! Yakishanywewa na mbao hayatoki.