Wimbo Uliofichwa na "Nyimbo"

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, mtaa wa Umoja. Nawaandaa watoto kwa mashindano ya muziki, na nataka waimbe wimbo wa kubembeleza mtoto ambao nyanya yangu wa Lamu alituimbia. Naukumbuka nusu tu. Nimeingia katika hifadhidata ya mtandaoni ya maneno ya nyimbo za jadi. Nikiandika "wimbo wa kubembeleza" sipati kitu. Nikiandika "nyimbo ya kubembeleza" inafunguka orodha ndefu. Je, lipi ni sahihi? Na hiyo "hifadhidata" ni neno halali, au niseme "kanzidata"?

JIBU: La hifadhidata tulimalize haraka, mwalimu. Yote mawili ni halali. Hifadhi na kanzi yametoka Kiarabu, na kanzi maana yake ni hazina. Wakenya wengi husema hifadhidata, na huko Tanzania utakutana na kanzidata mara nyingi. Sema lolote, utaeleweka.

Sasa nije kwa lile linaloniumiza. Sahihi ni "wimbo wa kubembeleza". Mmoja ni wimbo, nyingi ni nyimbo. Wimbo huu, nyimbo hizi. Wimbo wa harusi, nyimbo za harusi. Hii ni ngeli ya U-ZI uliyoifundisha darasani mara nyingi kuliko mimi. Lakini ulipokaa mbele ya kompyuta, kosa ndilo lililokufungulia mlango na usahihi ukakufungia nje. Jambo hilo limenikosesha usingizi.

Kila asubuhi nikipanda matatu kuja mjini, redio haijamaliza dakika kumi kabla mtangazaji hajasema: "Na sasa, nyimbo yake mpya." Hebu tuyapasue maneno haya matatu. "Nyimbo" ni wingi: ametutajia nyimbo nyingi. "Yake" ni umoja, tena si umoja wa ngeli hiyo bali wa I-ZI, kama nyumba yake au kalamu yake. Kwa hiyo neno la kwanza linahesabu nyingi, la pili linahesabu moja, na lile la pili limetoka katika ngeli nyingine kabisa. Limebaki "mpya", na hapo ndipo palipoanzia mkanganyiko. Tunasema wimbo mpya, nyimbo mpya, nyumba mpya. "Mpya" haibadiliki katika hayo yote, haimwambii msikilizaji kama ni moja au ni nyingi, na ulimi unateleza bila kuzuiwa. Tena nyimbo inafanana mno na nyumba, na nyumba haibadiliki katika umoja wala wingi. Mtu akazoea nyumba yangu, nyumba zangu, akaona hakuna ubaya kusema nyimbo yangu, nyimbo zangu.

Naielewa sababu, ila siikubali. Mbona hakuna anayesema "nyuso yangu imechoka"? Mbona fundi haji kukwambia "nyufa hii ni kubwa"? Uso na nyuso, ufa na nyufa, wembe na nyembe, uzi na nyuzi, yote yanafuata njia ile ile ya wimbo na nyimbo. Sikio la Mswahili linaijua kanuni. Linaijua hata sikio la Mkikuyu aliyejifunza Kiswahili shuleni, kwa kuwa kwao mmoja ni rwĩmbo na nyingi ni nyĩmbo, na havichanganyi. Luganda nao wana oluyimba na ennyimba. Ile u- yetu ya mwanzo ni mabaki ya lu- ya Kibantu iliyopoteza l yake. Basi mtangazaji anayesema "nyimbo yake" anaacha kitu ambacho huenda mama yake alimpa kabla hajaanza kutembea.

Nimekubali kushindwa kwingine. "Funguo yangu imepotea" siisahihishi tena. Hata nyumbani kwangu inasemwa kila siku, na ufunguo unapatikana vilevile. Lakini "nyimbo yake" siiachi, kwa sababu ya barua yako. Kosa la redioni hupotea hewani. Likiandikwa kama lebo ya wimbo katika hifadhidata, linauficha wimbo.

Niliketi mezani usiku nikajaribu mwenyewe. Niliandika "wimbo wa harusi" katika kisanduku cha kutafutia: hakuna matokeo. Nikaandika "nyimbo ya harusi": matokeo yakajaa ukurasa. Nikaandika "nyimbo za harusi": matokeo mengine kabisa, wala hayakugusana na yale ya kwanza. Aliyeingiza nyimbo hizo aliandika kama anavyozungumza, na kompyuta haijui ngeli, inalinganisha herufi tu. Mitambo mingi ya kutafutia iliundwa kwa lugha kama Kiingereza, ambayo neno hubadilika mkiani. Ikikata mkia, inalipata shina. Kiswahili hubadilika kichwani. Wimbo na nyimbo zinashiriki "imbo" tu, na mtambo unaosoma kuanzia herufi ya kwanza unaona maneno mawili yasiyojuana. Ni vivyo hivyo kwa mtoto na watoto, nalia na analia. Wanaotengeneza hifadhidata za nyimbo zetu wana wajibu wa kulishughulikia hili, na wanaoziandika lebo wana wajibu wa kujua umoja na wingi.

Wewe ufanyeje wiki hii? Acha kutafuta kwa jina. Nyimbo za jadi hazikuzaliwa na majina. Kila mkusanyaji huupa wimbo jina alilotaka, mara nyingi mstari wa kwanza, mara nyingine kiitikio. Tafuta maneno mawili au matatu ya kiitikio unayoyakumbuka vizuri, na uchague yale yasiyobadilika mwanzoni. Jaribu pia jina la aina: bembelezi ndilo neno tulilofundishwa shuleni kwa nyimbo za kubembelezea watoto, kama zilivyo nyiso za jandoni, hodiya za kazi, kimai za mabaharia na mbolezi za msibani. Huenda aliyeandika lebo alikuwa mwalimu kama wewe.

Halafu, mwalimu, andika kama nyanya alivyotamka, usiandike kama kitabu. Nadhani hapa ndipo unapokwama zaidi. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini nyimbo za Lamu ziliendelea kuimbwa kwa Kiamu. Wewe unaandika "njoo", yeye aliimba "ndoo". Wewe "macho", yeye "mato". Wewe "njia", yeye "ndia". Ukikutana na mstari unaomwambia mtoto "ndoo", usiupite ukidhani ni wimbo wa kuchota maji; hapo mtoto anaambiwa "njoo". Na kama kuna ng'ombe katika wimbo huo, andika neno hilo mara mbili, mara moja kwa kikoma cha juu na mara nyingine bila hicho kikoma, maana kompyuta nyingi hutofautisha neno lenye kikoma na lisilo nacho.

Ukiupata, na ukikuta umeandikwa "nyimbo ya kubembeleza", waandikie wenye hifadhidata waongeze "wimbo wa kubembeleza" na "bembelezi" kando yake. Lile kosa waliache palepale. Kuna mjukuu mwingine wa Lamu atakayeutafuta wimbo huo huo, naye maisha yake yote amezoea kusikia redio.